Kwa Niaba ya Mwenye Shamba

Jumanne, 4 Machi

Leo serikali imenifanya mkulima! Saa nne kasoro, niko dukani, mashine inatoa nakala zenye mstari mweusi katikati kama kawaida yake siku hizi, simu ikalia. Ujumbe. Ndugu mkulima, umepokea ruzuku ya mbolea ya kukuzia. Mahindi, ekari mbili. Weka mbolea kwa wakati.

Nikasoma mara tatu. Nikaangalia salio — kweli, hela imeingia.

Mimi? Mimi ambaye hata mchicha wa kwenye ndoo ulinifia? Miaka minane nauza fotokopi mkabala na ofisi ya kilimo. Fomu za ruzuku nimezitoa nakala mpaka nazijua bila kuangalia, sehemu A hadi sehemu E. Lakini sijawahi kujaza hata moja. Watu wananiita Mama Fotokopi. Mkulima ndiyo nasikia leo.

Baba watoto alipita na lori lake la mchanga kunywa chai, nikamwonyesha. Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye suruali. Anasema wamekosea namba, bahati imeniangukia, nikae kimya. Alipokuwa anaondoka akatoa kichwa dirishani: "Mkulima! Mvua itanyesha?"

Wamekosea namba — sawa. Lakini ujumbe una jina langu. Majina yote matatu, na lile la katikati limezidi herufi moja, vilevile lilivyokosewa kwenye kitambulisho changu. Mtu hawezi kukosea namba akapatia kosa la kitambulisho changu.

Nani huyu anayenijua hivyo?

Jumatano, 5 Machi

Leo nimewapeleleza wateja. Taratibu, kama vile sina haja. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, huwa anatoa nakala za hati yake kila mwaka kama vile ile ya mwaka jana imechuja, kanieleza vizuri. Zamani ilikuwa vocha. Unakwenda mwenyewe ofisini, unasaini daftari, unapewa karatasi, unakwenda nayo duka la pembejeo, unapewa mfuko. Mwaka huu wameleta mfumo mpya: hela inaingia moja kwa moja kwenye simu. Namba zimechotwa na kompyuta kutoka kwenye vitambulisho. Na vurugu ni hiyo — anasema kuna jirani yake hela yake imekwenda kwa kijana wake aliyehamia mbali, na kijana hapokei simu.

Kwa hiyo siyo bahati. Jina langu lilikuwa kwenye daftari TAYARI. Kuna mtu amekuwa akienda pale, hatua hamsini kutoka mlangoni kwangu, akichukua vocha kwa jina langu.

Miaka mingapi?

Na ekari mbili za wapi?

Ijumaa, 7 Machi

Mashine imekufa kabisa. Siyo mstari tena — karatasi inatoka nyeusi tii. Fundi kaifungua, kaangalia ndani kama daktari, kasema ni dramu, ile silinda inayochapa. Nikauliza bei. Nikakaa kwenye kiti.

Wateja walikuwa kumi na moja foleni, wote na fomu.

Nimeichukua ile hela. Siyo yote! Nusu. Nimejiambia ni mkopo. Nimejiambia kwanza ni kosa lao. Nimejiambia mengi. Saa tisa mashine ilikuwa inatoa nakala safi kama maziwa, na mimi sikuwa na furaha niliyoitegemea.

Jumatatu, 10 Machi

Nimevuka barabara.

Karani wa daftari ananifahamu, huwa nampunguzia bei. Nikamwambia nataka kuona taarifa zangu za mkulima. Hakushangaa hata kidogo! Akavuta daftari kubwa lenye jalada la kijani, akalamba kidole, akafunua. Huyo hapo. Mimi. Mwaka jana nimo, mwaka juzi nimo. Tukarudi nyuma mpaka mwaka wa kwanza — miaka saba nimekuwa mkulima.

Mahali pa shamba: nikasoma, nikarudia. Ni shamba la baba. Lile la bondeni, ng'ambo ya daraja. Sijakanyaga pale tangu tulipomzika, miaka kumi na moja sasa. Shangazi alikuwa anasema limekuwa pori.

Pori gani linalopewa mbolea miaka saba?

Kwenye safu ya saini, kila mwaka, kuna herufi tatu ndogo: k.n.y. Kwa niaba ya. Halafu saini iliyopinda kama ndoano. Sikuitambua. Karani akasema ni ya mwakilishi wangu, mama mmoja mtu mzima, mtaratibu sana. Amekuja mara tatu wiki iliyopita kuulizia vocha, mara ya mwisho Alhamisi. Wanamwambia hela imeshakwenda kwenye simu ya mwenye shamba, anasema haya, anakaa kidogo kwenye benchi la nje, anaondoka. "Kwani dada, si wewe uliyemtuma?"

Nikasema, "Ni mimi. Nilitaka kuhakikisha tu."

Uongo umetoka wenyewe! Nilijua ningesema simjui, angeita mkubwa wake, na mkubwa wake angeita polisi. Nilitaka kujua kwanza.

Nilipotoka nikakaa kwenye lile benchi. Linatazama moja kwa moja mlango wa duka langu. Unaona mashine, unaona kalenda ukutani. Unaniona mimi.

Jumanne, 11 Machi

Nimempigia shangazi. Nikazunguka kwanza na habari za miguu yake, kisha nikauliza la shamba. Pori, anasema, nyoka tupu. Nikamuuliza, wewe umefika lini? Akaanza kukohoa. Kisha akauliza, naulizia kwa sababu nataka kuuza? Maana kuna mtu wa matofali anauliza udongo wa pale. Nikamuuliza kuhusu mke wa baba, kama anajua alipo. Akakohoa tena, kisha: "Yule alishakwenda kwao. Si ulikuwepo?"

Nilikuwepo.

Niliandike, maana hakuna anayesoma hapa ila mimi. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka tisa. Mke wa baba alikuja nikiwa na kumi na miwili, hakujaliwa mtoto, akabaki na mimi niliyekuwa simtaki. Hakunipiga. Hakunibembeleza pia. Alifua, alipika, alinisuka nywele akivuta kweli kweli. Baba alipofariki, siku ya tatu, tukakaa kikao sebuleni. Shangazi akasema mwanamke aliyeishi hapa bila kuzaa hana chake hapa. Watu wakanigeukia mimi — ndiye mtoto, ndiye mwenye mali sasa. Wewe unasemaje?

Nikasema, "Sina la kusema."

Maneno matatu. Akaondoka asubuhi yake na begi moja na beseni. Miaka yote hii nimekuwa nikijiambia kwamba sikumfukuza. Ni kweli. Sikumfukuza.

Sasa nataka kujua saini ile ni ya nani, na nadhani najua, na bado nataka kuiona kwa macho.

Jumamosi, 15 Machi

Baba watoto alikuwa anakwenda machimboni, akanishusha njia panda, akaniambia saa nane atanipitia. Nikashuka bondeni kwa mguu. Nilivaa viatu vya kufunika kwa sababu ya nyoka wa shangazi.

Hakuna pori! Mahindi yamefika magotini, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Mpakani kumepandwa kunde. Gugu hata la dawa hulipati. Nikaanza kuhesabu mistari kama mjinga, nikaachia thelathini na kitu. Lakini majani ya chini — manjano. Hata mimi muuaji wa mchicha niliona. Yana njaa. Yanasubiri mbolea. Yanasubiri hela iliyolala kwenye simu yangu, na nusu yake iko ndani ya mashine inatoa nakala safi kama maziwa.

Nikaona kofia, kisha mgongo. Nikaujua ule mgongo. Anapoinama huweka mkono wa kushoto kiunoni, tangu zamani.

Njiani nilikuwa nimejipanga. Nitauliza kwa sauti kavu: nani kakupa ruhusa ya kutumia jina langu? Kilichotoka mdomoni ni, "Shikamoo."

Akanyooka pole pole. Akaniangalia kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Marahaba. Umekuja kuuza?"

"Hapana."

"Basi zunguka huku. Hapo unakanyaga kunde."

Akanigeuzia ndoo nikae. Yeye akakaa juu ya mpini wa jembe, miguu ameinyoosha mbele. Amezeeka mikono zaidi kuliko uso. Nikamwonyesha ujumbe kwenye simu. Akausoma kwa kuisogeza mbali, kisha akasema ahaa, kama mtu aliyepata funguo.

Akanieleza bila mimi kumvuta. Alikaa kwa kaka yake mwaka mmoja, wifi akamchoka. Akarudi huku, akapanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga, anaishi hapo hadi leo. Siku moja akapita bondeni akakuta mtu anachimba udongo wa matofali kwenye kona ya shamba, ameshatoboa shimo la kuingia ng'ombe. Akamuuliza kwa ruhusa ya nani. Yule akamjibu kwani la nani. "Nikaona jibu ni jembe," anasema. Wiki iliyofuata akaanza kulima.

"Kwa hiyo ulikuwa unanilimia?" nikauliza. Nilitaka aseme ndiyo, sijui kwa nini.

"Wewe? Nikulimie kwa lipi?" Hakuwa na hasira. Alishangaa tu. "Nimejilimia. Nimekula mwenyewe, nimeuza mwenyewe. Jina tu ndilo lako, kwa sababu langu walilikataa."

Alikwenda kujiandikisha, wakauliza ardhi ya nani. Ya mume wangu. Yuko wapi? Amefariki. Marehemu hapewi mbolea, wakamwambia. Mtoto yupo? Yupo. Basi mwandike mtoto, wewe saini kwa niaba. Alikuwa na nakala ya kitambulisho changu kwenye karatasi za hospitali ya baba — nakala ya fotokopi! Akaipeleka. Miaka saba hakuna aliyemuuliza zaidi.

"Ulikaa kwenye benchi lile mara tatu," nikasema. "Mbona hukuvuka?"

"Nilikuona. Ulikuwa na wateja."

Wateja! Alhamisi ya wiki ile nilikuwa nasinzia juu ya kaunta tangu saa tano. Sikumwambia. Yeye anajua, mimi najua.

Nikamweleza kuhusu dramu. Nilianza kwa kuzunguka, akanikatisha: nusu imebaki? Nusu. Akachuma jani moja la manjano, akalikunja, akalikunja tena. "Kwa hiyo mwaka huu nusu ya shamba imeota fotokopi."

Nilicheka mimi kwanza. Yeye akachelewa kidogo, halafu akacheka kwa pua, vile alivyokuwa akimcheka baba alipojikwaa kwenye kizingiti kile kile kila siku.

Hapo ndipo ningesema. Kuhusu sebuleni, siku ya tatu. Mdomo nilishaufungua. Nikasema, "Mbolea nitaileta."

"Iletwe kabla ya Alhamisi," akasema, akasimama, akaendelea kupalilia.

Ndani ya lori nikagundua kitu: nimeongea naye zaidi ya saa moja na sikumwita kwa jina lolote.

Jumapili, 16 Machi

Nimemwambia baba watoto yote, na ya sebuleni pia. Miaka kumi na minne ya ndoa, hakuwahi kuyasikia. Hakufanya mzaha. Aliuliza mfuko mmoja wa mbolea unaingia kwenye kebini ya lori? Unaingia. Akatoka kwenda kuangalia tairi ambazo hazina tatizo.

Jumatatu, 17 Machi

Mfuko mmoja umenunuliwa. Hela ya wa pili amenikopesha fundi cherehani wa duka la pili, nitamlipa kwa nakala za vipimo vyake mpaka Juni.

Halafu mkosi. Wakati nalipa, bibi shamba wa ofisi ya kilimo akaingia duka la pembejeo, yule mpya, mwembamba, anayetembea kama amechelewa ndege. Akasikia jina langu. Ooh, kumbe ndiye wewe! Shamba la bondeni! Anaanza uhakiki Jumatano, na la kwangu lipo kwenye orodha ya kwanza. Mfumo mpya unataka mkulima halisi asimame kwenye shamba lake, apigwe picha, ajibu maswali. Na asiye mkulima? nikauliza, sauti kama ya mtu anayeulizia rafiki yake. Anafutwa. Na mwakilishi aliyekuwa akisaini anatakiwa aeleze vocha za miaka yote zilikwenda wapi. Wengine wameshaambiwa warudishe.

Miaka saba. Mama wa chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga.

Nikamtoa bibi shamba nje, nikamwambia ukweli. Sikupanga. Nilisema: mimi silimi, yule mama ndiye analima, analima kuliko watu wote kwenye daftari lako, nenda ukaone mistari. Akanitazama. Akauliza ana mkataba wa kukodi? Hana. Basi mgeni anayelima bila mkataba hapokei, mkataba lazima upigwe muhuri, na mihuri ya msimu huu imefungwa.

Nikasema siyo mgeni.

"Ni nani yako?"

Nikasema ni — alikuwa mke wa baba. Ameondoka. Yaani amerudi.

Bibi shamba akapumua. Kumbe ana moyo. Akasema kuna fomu ya ridhaa. Mwenye ardhi anajaza kwamba mwanafamilia wake ndiye mkulima, anasaini mbele yake, shambani, mkulima akiwepo. Jina linahamishwa siku hiyo hiyo, na ya nyuma yanahesabika yalikuwa ndani ya familia. Lakini lazima iwe familia kweli, dada. Siyo maneno.

Nakala za fomu hiyo zimeisha ofisini. Akaniomba nimtolee hamsini.

Jumatano, 19 Machi, shambani

Naandika nimekaa juu ya ndoo. Asubuhi nzuri, mawingu mepesi. Baba watoto ameshusha mifuko, amekwenda zake.

Tulianza kuweka mbolea saa moja. Kanifundisha: kifuniko kimoja cha soda kwa kila shina, usiguse shina, fukia. Nilimaliza mstari mmoja yeye akiwa wa nne. Alikagua wangu, akafukia upya mashina matatu.

Nilipokuwa nyuma yake, nikiwa sioni uso wake, nikasema. Kwamba siku ile niliulizwa nikasema sina la kusema, na lilikuwepo. Aliendelea kuinama na kunyooka. Mwisho wa mstari akauliza, "Lilikuwa lipi?"

Nikasema abaki.

Akajaza kifuniko kingine. "Ungelisema ningebaki," akasema. "Nilisimama pale nikikusubiri."

Basi. Hakusema amesamehe. Sikumuuliza.

Saa tatu bibi shamba akafika. Akauliza maswali, akajibiwa yote, mengine kabla hayajaisha. Aina ya mbegu, siku ya kupanda, nafasi kati ya mashina. Akampiga picha kati ya mahindi — alivua kofia, akaivaa tena, akaivua. Kisha bibi shamba akanipa fomu, akasema anazunguka mpakani kupima kona nne kwa simu yake, akirudi nisaini mbele yake.

Nimejaza yote. Jina la mwenye ardhi, mimi. Jina la mkulima — ilibidi nimuulize jina lake la katikati, nilikuwa silijui! Namba ya kitambulisho. Ukubwa wa shamba. Zao.

Mstari wa mwisho wa sehemu C. Fomu hii nimeitoa nakala hamsini juzi na sikuwahi kuusoma mstari huu. Mkulima ni nani kwa mwenye ardhi.

Mke wa baba — ndivyo nilivyomwandika humu siku zote, na bibi shamba atauliza mbona ndoa ilikwisha na kifo. Mama wa kambo — ni sahihi, hata mahakamani ni sahihi, na nikimsomea hilo nitaangalia chini. Mama mdogo — ndilo baba alilotaka nimwite. Alinibembeleza kwa viatu vipya, nikachukua viatu. Na lipo lile fupi.

Nimemuuliza. Nimesema, hapa wanataka nijaze wewe ni nani kwangu, niandike nini? Alikuwa anasugua mkono kwa udongo kutoa mbolea. Hakuinua uso.

"Andika utakaloweza kunisomea."

Na sasa amesimama pale, hatua nne, anajifanya anaangalia kunde.

Nimeandika M. Haijasaidia kitu, yote yanaanza na M.

Bibi shamba amefika kona ya tatu.